Bomba la inchi 4 liko wazi kwenye sakafu ya stoo, harufu inapanda usiku. Nilifungeje bila kulizika?

MamaStoo_Njiro aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Nyumba iko Njiro, Arusha, na inatumia septiki, haijaunganishwa na bomba kuu la majitaka la mamlaka. Kwenye stoo inayopakana na jiko, pembeni karibu na ukuta, kuna bomba la plastiki la inchi 4 limesimama wima ndani ya sakafu. Halina kifuniko. Limekatwa kama sentimita 3 chini ya usawa wa marumaru, na ukimulika kwa tochi unaona linashuka karibu nusu mita kisha linapinda kuelekea chemba ya nje (shimo lenye mfuniko la kukagulia majitaka). Hakuna maji yaliyotuama ndani. Mchana harufu ni ndogo, ila usiku madirisha yakifungwa inazidi, na mende wanatokea humo. Kwa sasa limefunikwa kwa kipande cha marumaru na tofali juu yake.

Fundi aliyeliangalia anashauri limiminwe zege, marumaru ibandikwe juu, kazi iishe. Naomba wanaoijua kazi hii wanieleze: zege ni sawa? Kama si sawa, ninunue nini, cha kipimo gani, na kazi ifanywe kwa hatua zipi?

---

FundiBomba_Rau:

Dada, zege hapana kabisa.

Kwa ulivyoeleza, hilo ni bomba la kuzibulia. Liliwekwa ili njia ya majitaka ikiziba chini ya nyumba, fundi apitishe waya au fimbo kutoka hapo bila kuvunja sakafu. Ukimimina zege, sehemu yake itateremka hadi kwenye kona, igande hapo na kupunguza njia ya maji ya choo na jiko. Miezi kadhaa baadaye karatasi na mafuta vitaanza kunasa penye zege, na njia ya kuzibulia ndiyo hiyo umeshaizika. Halafu zege halishikamani na plastiki. Likikauka linanywea, unabaki mwanya mwembamba kama unywele kuzunguka ukuta wa bomba, na hewa chafu inapita humo humo. Yaani utapoteza mlango na harufu utabaki nayo.

Kinachotakiwa ni kizibo kisichopitisha hewa wala maji, lakini kinachofunguka kwa spana.

Kabla ya kununua chochote hakikisha kweli ni bomba la kuzibulia. Tazama mteremko wa sakafu: kama maji ukiyamwaga yanakimbilia kwenye tundu hilo, basi huenda lilikuwa la kutolea maji ya sakafuni, na hilo halifungwi, linawekewa trapu (kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu). Kama sakafu ni bapa na bomba liko kwenye pembe, endelea na jaribio hili: fungua chemba ya nje, koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo ya lita 10, mimina yote kwa mkupuo, mtu mwingine asimame kwenye chemba. Maji ya bluu yakifika haraka na kwa wingi, njia ni nzima. Yakichelewa au yakija kidogo kidogo, kuna uchafu umeshaanza kukaa. Zibua kwanza kupitia tundu hilo hilo, ndipo ufunge.

Hilo tofali juu ya marumaru halizuii hewa. Hadi upate vifaa, kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, sentimita 20 kwa 20, ulaze juu ya mdomo wa bomba, kisha uwekee kigae na uzito juu. Mpira unakaa vizuri kama ukingo wa bomba umesafishwa mchanga. Usisokomeze matambara au mfuko wa nailoni ndani. Likidondoka moja, unakwenda kulitafuta kwenye kona.

---

Sanitari_Kijenge:

Naongezea upande wa vipimo, maana hapa ndipo watu wanarudi dukani mara tatu.

Bomba linaloitwa "inchi 4" lina vipimo viwili tofauti. La kipimo cha milimita lina upana wa nje wa milimita 110. La kipimo cha zamani cha Kiingereza lina milimita 114 na kitu. Kwa macho yanafanana, lakini soketi ya 110 haiingii kwenye 114, na soketi ya 114 ikivaa bomba la 110 inacheza, gundi haiwezi kuziba nafasi hiyo. Huna haja ya chombo maalumu cha kupimia. Zungushia uzi nje ya bomba mara moja, weka alama, unyooshe kwenye futi. Ukipata sentimita 34.5 hivi, ni la 110. Ukipata karibu 36, ni la 114. Pima pia unene wa ukuta wa bomba, kwa sababu mabomba ya 110 yenye ukuta wa milimita 3.2 yanabaki na tundu la ndani la milimita 103.6, na yale mepesi yenye ukuta wa milimita 2.2 yanabaki na 105.6. Hii inahusu kizibo cha ndani.

Vizibo viko vya aina mbili. Cha kwanza ni soketi fupi ya kuganda kwa gundi nje ya bomba, yenye uzi juu (mistari kama ya skrubu) na kifuniko cha kuzungusha. Cha pili ni cha kukaza ndani: sahani mbili zenye mpira mnene katikati na nati yenye masikio juu. Ukikaza nati, sahani zinabana mpira, mpira unapanuka na kushika ukuta wa bomba. Hiki hakihitaji kuvunja sakafu wala gundi. Ukikinunua angalia kimeandikwa kinafanya kazi kati ya milimita ngapi na ngapi, na bolti yake iwe ya chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu. Bolti ya chuma cha kawaida ikikaa juu ya hewa ya septiki inaliwa, na siku unapotaka kufungua nati inakatika.

Usiuziwe "end kepu" ya kugundisha. Inafunga vizuri, ila kuifungua ni kwa msumeno.

---

MamaStoo_Njiro:

Asanteni sana. Nimepima kwa uzi: sentimita 34.6. Ukuta wa bomba ni kama milimita 3. Kutoka ukingo wa bomba hadi ukuta wa chumba ni sentimita 6. Maji ya bluu yamefika kwenye chemba upesi, yakiwa mengi. Ukingo wa bomba umekatwa vibaya, una meno na upande mmoja umepasuka kidogo, kama sentimita 1 kwenda chini. Je, kizibo cha ndani kitafaa au nivunje sakafu?

---

FundiBomba_Rau:

Kizibo cha ndani kitafaa kwa leo, kwa sharti mpira ukae chini ya ule ufa. Shusha kizibo hadi mpira uwe angalau sentimita 3 chini ya ukingo, pangusa ukuta wa ndani ukauke na usiwe na utelezi wa mafuta, kisha kaza kwa mkono hadi kisizunguke, na uongeze robo mzunguko kwa koleo. Ukizidisha nguvu, bomba ambalo tayari lina ufa litaendelea kupasuka. Funga kamba ya nailoni kwenye bolti kabla ya kukishusha ili kisikuponyoke.

Lakini mimi ningekwenda kwenye cha uzi, kwa sababu ufa huo lazima uondolewe na kwa sababu mpira uliobanwa muda wote hukakamaa na kulegea. Kazi ni ya nusu siku.

Hesabu ya urefu ndiyo inayokosewa zaidi. Soketi nyingi zenye kifuniko cha uzi zina urefu wa sentimita 9 hivi kwa jumla (pima ya kwako), na sentimita 5 ndizo zinazolivaa bomba. Kwa hiyo sentimita 4 zinabaki juu ya mdomo wa bomba. Unataka kifuniko kiishie sentimita 1 chini ya uso wa marumaru. Maana yake mdomo wa bomba uwe sentimita 5 chini ya marumaru. Lako liko 3, basi unalikata sentimita 2 zaidi, na hizo 2 zinaondoka na ule ufa. Ukigundisha bila kukata, kifuniko kitasimama sentimita 1 juu ya sakafu, mtu atajikwaa na hatimaye atakivunja.

Chora mraba wa sentimita 25 kwa 25 unaogusa ukuta, bomba liwe karibu na katikati. Kata marumaru kwa grainda yenye diski ya kukatia vigae, kisha chimba kwa tindo jembamba na nyundo hadi kina cha sentimita 12. Nguvu ya tindo ielekee mbali na bomba. Sakafu nyingi zina zege la sentimita 10, kwa hiyo utatokea kwenye kifusi. Ukikutana na ile nailoni ya kuzuia unyevu, ikate kwa umbo la msalaba na kuikunja, utairudisha na kuibana kwa tepu pana.

Kabla hujaanza kugonga, ingiza ndani ya bomba tambara kubwa lililofungwa kamba, na kamba ifungwe kwenye kipande cha ubao kilicholala juu ya sakafu. Vipande vya zege vikiingia ndani vitakwenda kwenye kona na kukaa hapo. Kukata bomba ndani ya shimo tumia ule wembe wa msumeno wa chuma pekee, bila fremu yake, mwisho mmoja ukiuzungushia tambara la kushikia. Kata ukizunguka kidogo kidogo kwa kufuata mstari uliochorwa, usikate kwa upande mmoja hadi mwisho. Ondoa manyoya ya plastiki kwa kisu, piga msasa laini sentimita 5 za nje.

Gundi sasa. Bomba na soketi viwe vikavu kabisa. Jaribu kuvivalisha bila gundi, weka alama ya penseli mahali soketi inapoishia. Paka safu nyembamba ndani ya soketi na safu iliyojaa nje ya bomba, sukuma mara moja hadi kwenye alama ukizungusha robo duara, shikilia sekunde 30, futa iliyomwagika. Kifuniko kiwe kimefunguliwa na kuwekwa pembeni. Tone moja la gundi likigusa uzi, kifuniko kimeshikana moja kwa moja na umerudi kwenye zege kwa njia nyingine. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Arusha inachelewesha gundi, kwa hiyo usifukie kabla ya saa 24 na msivute choo kwa nguvu saa mbili tatu za mwanzo. Kwa mji wa Moshi, kwenye joto la mwezi wa pili, tatizo linageuka: gundi inaanza kushika kabla hujasukuma, basi paka haraka na msiwe na mjadala katikati.

Kufukia: nje ya soketi, chini ya sehemu ya uzi, paka gundi kidogo na unyunyizie mchanga mkavu. Ikikauka plastiki inakuwa na ukwaru na sementi inapata pa kushika, hivyo hewa haipandi pembeni. Mchanganyiko uwe sementi 1 kwa mchanga 3. Shimo lako likitoa nafasi ya bomba linahitaji kama lita 6.5 za mchanganyiko uliolowa, yaani lita 2 za sementi na lita 6 za mchanga mkavu, kwa sababu vikilowa vinapungua ujazo. Usiuache uwe na maji mengi.

Kifuniko kisizungukwe na sementi. Kata pete ya kimo cha sentimita 4 kutoka bomba la inchi 6, iweke kuzunguka kifuniko, mimina nje ya pete tu. Nafasi itakayobaki ndiyo ya kupitishia spana.

Mwisho uzi wa kifuniko. Kama kina pete ya mpira chini yake, usizungushe tepu ya uzi, inazuia pete kukaa. Paka maji ya sabuni au grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka yaache, yanavimbisha baadhi ya mipira. Kama hakina pete, zungusha tepu mara 4 kufuata mwelekeo wa kufunga. Kaza kwa mkono na robo mzunguko wa spana, basi.

---

Kaloleni_mtaa:

Ukimaliza washa kijiti cha udi ukipitishe kuzunguka kifuniko. Moshi ukiyumba ujue panavuja.

---

Chemba_Pasua:

Ndugu yangu, udi hapana. Hewa ya septiki ina methani, na methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka kwa cheche tu. Stoo imefungwa, bomba liko wazi au linavuja, halafu unasogeza kitu kinachowaka? Hata grainda, usiiwashe bomba likiwa wazi. Lizibe kwanza, fungua mlango na dirisha nusu saa.

Jaribio zuri ni povu. Changanya sabuni ya maji na maji kidogo, paka kwa brashi kwenye mzunguko wa kifuniko na kwenye ungio la marumaru, mtu avute choo huku mwingine anamimina ndoo mbili kwenye sinki la jiko. Maji yanaposhuka yanasukuma hewa mbele yake, na penye mwanya povu litafura.

Harufu ile ya yai viza ni hidrojeni salfaidi, nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye chumba kidogo kama stoo. Ikiwa nyingi inaitia pua ganzi, kwa hiyo kuacha kuisikia si dalili kwamba imekwisha. Usiinamishe uso kwenye tundu. Na tafadhali, wanaomimina dawa ya klorini kwenye tundu kisha wanafuatisha tindikali ya kusafishia choo: mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini. Usifanywe popote, sembuse stoo.

Kwa nini usiku zaidi: nje kukiwa baridi na ndani kuna joto la jiko na watu, hewa ya ndani inapanda na kutokea penye mianya ya dari, na nyumba inavuta hewa mbadala kutoka chini. Madirisha yakiwa yamefungwa, bomba lililo wazi ndilo linalotoa hewa hiyo.

Sasa jambo ambalo halijasemwa. Inawezekana bomba hilo ndilo limekuwa likiipa hewa njia nzima. Ukilifunga, sikiliza choo kikivutwa. Sinki au trapu ya bafuni ikianza kukoroma, maji ya choo yanavuta hewa kupitia kwenye trapu. Yale maji ya trapu, kina cha sentimita 5 tu, yatanyonywa na harufu itahamia bafuni. Hapo usilaumu kizibo wala usikifungue. Tafuta bomba la hewa. Linatakiwa lipande hadi juu ya paa, mbali na madirisha, mdomo ukiwa wazi wenye wavu tu. Mara nyingi limeishia ndani ya dari kwa sababu wapauaji hawakutaka kutoboa bati, au nyigu wamelijenga udongo. Lisipokuwepo kabisa, liunganishwe mwanzo wa njia ya majitaka au kwenye choo cha mbali zaidi na chemba.

---

Sanitari_Kijenge:

Na masika. Shimo la kunyonyea maji ya septiki likijaa mwezi wa nne, majitaka hurudi na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Leo ni hilo la stoo. Ukilifunga vizuri yatatafuta jingine, kwa kawaida trapu ya bafuni. Kizibo chenyewe kitahimili: maji yakisimama mita 1 juu ya kizibo cha milimita 104, msukumo ni kama uzito wa kilo 8.5, uzi unashika hapo bila shida, ila kigae kilichowekewa tofali kitanyanyuka. Hakikisha kuna gali trapu (trapu ya uani inayopokea maji ya sinki na bafu) au chemba nje ambayo mdomo wake uko angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na kifuniko chake kinaweza kunyanyuliwa na maji. Heri yamwagike uani.

---

MamaStoo_Njiro:

Nimeelewa. Nimetazama juu ya paa, bomba la hewa lipo na liko wazi. Swali la mwisho: juu ya kifuniko niweke nini? Ningependa marumaru iendelee bila alama, na je, silikoni nipake wapi?

---

FundiBomba_Rau:

Kuna fremu za chuma kisichoshika kutu zenye trei ya kubebea kipande cha kigae, sentimita 20 kwa 20 inatosha kwako. Fremu inakaa kwenye sementi, trei inanyanyuka kwa ndoano mbili. Ukinunua hiyo, pima kina cha trei kwanza, kwa sababu nyingi zinahitaji sentimita 2 au zaidi, na hapo ile sentimita 1 haitoshi: kata bomba sentimita 3 badala ya 2, na shimo lifike sentimita 13. Amua kabla ya kushika msumeno.

Usipoipata, sahani bapa ya chuma hicho hicho ya sentimita 20 kwa 20 yenye skrubu nne za shaba inatosha. Acha alama ionekane. Bomba la kuzibulia likifunikwa kwa marumaru isiyoonekana, mpangaji anayefuata atavunja stoo nzima kulitafuta.

Silikoni iende kati ya fremu na marumaru tu, na kwenye pembe ya ukuta na sakafu. Kwenye uzi wa kifuniko na kwenye trei usipake kabisa. Fungua kifuniko mara moja kila baada ya miezi sita, safisha uzi kwa mswaki mkavu, kagua pete ya mpira. Ikiwa imebonyea na hairudi umbo lake, peleka dukani kama sampuli ununue nyingine.